Barua ya Baba wa Jamaa: Mkono Ambao Mwamuzi Hakuuona



Wapenzi wasomaji, wazazi wenzangu, nanyi wanafunzi mnaoisoma barua hii shuleni au jioni kando ya moto, nawasalimu kutoka kwetu Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba. Habari za nyumbani ni njema. Kitinda mimba wetu ameota jino la tatu, naye analijaribu katika kila kitu, hata katika rozari ya mama yake. Mpunga tumeuanika uani, na kuku wa jirani wanatusaidia kuupunguza. Binti yetu mkubwa ameleta alama nzuri za shule, isipokuwa za hesabu, na katika jambo hilo mama yake anasema amefuata ukoo wa baba.

Juma lililopita niliwaandikia kwa furaha kubwa habari ya mwanangu wa pili, kijana wa miaka kumi na minne. Niliwaambia jinsi timu ya vijana wa parokia yetu ilivyowashinda wenzao wa Alunguli bao moja kwa sifuri, na jinsi mwanangu alivyolifunga bao hilo katika dakika za mwisho. Niliwaeleza pia zawadi waliyopewa, yaani mpira mpya na mbuzi dume. Wengine kati yenu mmenipongeza njiani baada ya Misa. Leo sina budi kuirudia habari ile, kwa sababu kuna jambo moja nililoliacha. Ningependa kusema kwamba nililisahau, lakini sikulisahau.

Ilikuwa hivi. Kona ilipigwa, wachezaji wakarundikana mbele ya lango, na jua la magharibi lilimpiga mwamuzi usoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlingoti wa lango, mahali ambapo hakuna kilichofichika. Mpira ulipita juu ya kichwa cha mwanangu, naye akainua mkono wa kushoto na kuusukuma wavuni. Mwamuzi alipiga filimbi, akaonyesha katikati ya uwanja. Kipa wa Alunguli, mtoto mwembamba wa umri ule ule, alimkimbilia akilia na kuupigapiga mkono wake, akisema, “Ni mkono! Ni mkono!” Alilia sana hata akatamka neno baya, akatolewa uwanjani. Nami je? Niliruka juu nikashangilia. Watu walinipa mkono na kuniita baba wa mshindi, nikaupokea mkono wa kila mmoja. Usiku ule mbuzi alichinjwa, nami nilikula mbavu mbili.

Labda msomaji atasema, “Baba huyu anatafuta makubwa katika madogo. Huu ni mchezo tu wa watoto.” Nami nilijiambia hivyo hivyo siku mbili nzima. Walakini tukumbuke jinsi michezo ya vijana ilivyoingia katika misioni zetu. Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1917, akawakusanya vijana wa mji shuleni na uwanjani mpaka alipofariki mwaka 1956. Uwanja mkubwa unaitwa Tata Raphaël hata leo, na ndipo Muhammad Ali alipomshinda George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Kule Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, Mapadri Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 timu ya vijana ambayo baadaye ikawa TP Mazembe, na ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na tena miaka mingi baadaye. Mapadri wale hawakuwapa vijana mpira kwa ajili ya kupitisha saa tu. Waliamini kwamba mtoto anayejifunza kutii sheria ya uwanja, hata anapochoka na hata anaposhindwa, atajua pia kutii sheria ya Mungu na ya nchi akiwa mtu mzima.

Vijana wetu wa Kindu nao wana macho yao. Walipoiona Maniema Union ikifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika katika msimu wa 2024-2025, ikikutana na Raja Casablanca, AS FAR na Mamelodi Sundowns, kila mtoto mwenye mguu aliota kuvaa jezi ile. Ndoto hiyo ni njema. Walakini ndoto njema yaweza kumfundisha mtoto kwamba ushindi ni kila kitu, kama baba yake anasimama karibu na lango, anaona, na kunyamaza.

Basi, katika juma hilo hilo alitufikia mgeni, mjomba wa watoto, ndugu wa mke wangu. Yeye anafanya kazi Lubumbashi katika uwanja wa gofu, na kazi yake ni kukata majani. Aliwaletea watoto mpira mmoja mdogo mweupe, mgumu kama jiwe, uliojaa vishimo vidogo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Ninyi mnajua kwamba sisi wa Kindu hatukuzoea mchezo huu. Watoto wakamzunguka mjomba wao kwa maswali, naye akawaeleza kwa saburi.

Gofu, alisema, huchezwa kwa fimbo yenye kichwa cha chuma au cha mti. Uwanja kamili una mashimo kumi na manane, na kila shimo lina upana wa milimita 108 tu. Mpira wenyewe haupaswi kuzidi gramu 45.93. Mchezaji huupiga kutoka mbali, pengine mwendo wa mita mia nne au zaidi, mpaka aingize shimoni, na anayemaliza mashimo yote kwa mapigo machache ndiye mshindi. Wazungu waliuleta katika nchi zetu. Entebbe, huko Uganda, walikuwa na uwanja tangu mwaka 1901, na Nairobi tangu 1906. Mara nyingi Mwafrika aliingia kwanza uwanjani humo akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mwingine begani. Leo hii wana wa Afrika wanashindana wenyewe, na mashindano makubwa ya Kenya yamekuwapo tangu mwaka 1967.

Haikupita saa moja, uani kwetu pakawa uwanja wa gofu. Watoto walichonga fimbo kwa miti ya mpera, wakachimba mashimo matano, na kwa kuwa mpira wa mjomba ulikuwa mmoja tu, wengine walichezea kokwa za michikichi. Mama yao alilalamika juu ya mashimo, maana jogoo alitumbukia mguu katika shimo la tatu, lakini naye nilimwona akijaribu fimbo mara mbili alipodhani hatumtazami.

Mimi nilikaa kibarazani nikawa ninaandika mapigo ya kila mmoja. Zamu ya binti yetu mdogo, wa miaka minane, ilipokwisha, nilimwuliza, “Umepiga mara ngapi?” Akajibu, “Saba, baba.” Nikaandika saba, na kwa saba alikuwa amewashinda kaka zake wote. Akaondoka hatua chache, akasimama, akarudi. “Baba, andika nane. Nilipokuwa nikiinama, mguu wangu uliigusa kokwa ikasogea kidogo.” Nikamwambia, “Hakuna aliyeona.” Akanitazama kwa mshangao. “Mimi niliona,” akasema, kisha akaenda zake kucheka na wenzake, hali mimi nimeshika kalamu nisiweze kuandika.

Jioni, baada ya rozari, tulikaa na mgeni wetu, na binti akamsimulia mjomba wake jinsi alivyopoteza ushindi. Mjomba akafurahi mno. “Mwanangu,” akanena, “wewe umefahamu mchezo huu kuliko wengi wenye fimbo za bei kubwa. Katika gofu mara nyingi mwamuzi hayuko karibu. Kila mtu huyahesabu mapigo yake, na akikosa, hujishitaki mwenyewe.” Kisha akatusimulia habari ambayo wachezaji wa gofu wa nchi zote huipenda, na kwa kuwa ni habari ya kweli, nawaandikia ninyi pia.

Alikuwako Marekani mchezaji aliyeitwa Bobby Jones, mwenyeji wa Atlanta, aliyezaliwa mwaka 1902. Hakucheza kwa ajili ya mshahara. Alisomea sheria akawa wakili. Mwaka 1925 alishindana katika mashindano makuu ya Marekani yaliyofanyika Worcester, katika jimbo la Massachusetts. Siku ya kwanza, alipokuwa akijiandaa kupiga mpira uliolala katika majani, mpira ulisogea kidogo tu. Hakuna aliyeona ila yeye. Akawaambia wasimamizi, nao wakauliza huku na huku, lakini shahidi hakupatikana, wakamwachia yeye aamue. Bobby Jones akajiongezea pigo moja. Siku zilipokwisha, alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane. Kama si pigo lile, ushindi ungalikuwa wake papo hapo. Ikawabidi kurudia mashimo kumi na manane, wakatoka sare tena. Wakarudia mengine kumi na manane, na Jones akashindwa kwa pigo moja. Watu walipomsifu kwa uaminifu wake, hakupendezwa na sifa hizo, kwani aliona amefanya lililompasa tu. Mungu hakumsahau. Mwaka 1930 aliyashinda mashindano manne makuu ya mwaka mmoja. Baadaye ugonjwa wa uti wa mgongo ulimlemaza kwa miaka mingi, naye akauvumilia. Mke wake alikuwa Mkatoliki, na mwezi wa Desemba 1971, siku chache kabla ya kufariki, Bobby Jones naye alipokelewa katika Kanisa Katoliki.

Mjomba alipomaliza, mwanangu wa pili, ambaye muda wote alikuwa akichora mchanga kwa kidole, akasema bila kuinua macho, “Lakini Mjomba, mpira wa miguu si kama gofu. Huku yuko mwamuzi. Asipoona, si kosa. Hata Maradona alifunga kwa mkono katika Kombe la Dunia la mwaka 1986, Argentina wakacheza na Waingereza, na bao likakubaliwa.”

Mjomba hakujua neno lolote juu ya mechi yetu. Akajibu kwa upole, “Kweli, likakubaliwa. Na mwamuzi aliyedanganywa siku ile alikuwa Mwafrika mwenzetu, Ali Bennaceur wa Tunisia. Wewe unamkumbuka Maradona. Mimi ninamkumbuka Bennaceur, maana yeye alibeba lawama ya kosa la mwingine.”

Hakuna aliyeongeza neno. Watoto wakaenda kulala. Nilitoka nje kufunga banda la kuku, na nilipogeuka nikamkuta mwanangu amesimama nyuma yangu gizani. Akaniambia, “Baba, siku ile wewe ulikuwa karibu na lango.”

“Ndiyo, nilikuwa hapo.”

“Basi uliona.”

Wazazi wenzangu, nimekuwa baba kwa miaka kumi na saba, nami nimewaonya watoto wangu juu ya uongo mara nyingi kuliko nywele zangu. Lakini usiku ule nilitambua kwamba mwanangu alikuwa ameningojea. Tangu filimbi ilipopigwa, siku baada ya siku, alikuwa akiutazama uso wangu ili ajue kama tendo lile lilikuwa ovu au lilikuwa werevu, na uso wangu ulimjibu kwamba ni werevu. Nikasema, “Niliona, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuitwa baba wa mshindi. Kosa lako ni la nusu dakika. Langu ni la juma zima, na nimeliandika hata gazetini.” Hapo akalia, nami sikumzuia.

Kesho yake alikwenda kwa padri kupokea sakramenti ya Kitubio, nami nikamfuata. Yaliyosemwa huko si ya barua hii. Walakini sote tunajua fundisho la Kanisa: aliyechukua cha mwenzake hana budi kukirudisha, na aliyeharibu sifa njema ya mwenzake hana budi kuitengeneza kadiri awezavyo. Basi nikajiuliza: tumechukua nini? Nilidhani ni mpira na mbuzi. Sikujua bado.

Kwanza tulikwenda kwa mwamuzi, ambaye ni mwalimu. Alitusikiliza, akanyamaza kitambo, akasema kwamba sheria ya mpira haimruhusu kubadili uamuzi baada ya mchezo kwisha. Matokeo yatabaki kama yalivyoandikwa. Hivyo njia ya kujifichia katika sheria ilikuwa wazi kabisa mbele yetu, kama tungaliitaka. Kisha mwanangu akawaambia wenzake wa timu. Hapo ndipo alipopata adhabu yake, maana wengine walimwita msaliti, na rafiki yake mmoja hajasema naye hadi leo. Mama wawili wa mtaa wetu wameacha kunisalimu. Hata hivyo, baada ya mabishano marefu, wengi wao walikubali kuurudisha mpira. Kuhusu mbuzi, hakuna wa kumrudisha. Tumepatana kwamba kila nyumba iliyokula itachangia, na kwa kuwa mimi nilikula mbavu mbili, nimeanza na jogoo wawili.

Jumamosi tulivuka Lualaba kwa mtumbwi, mimi, mwanangu, na nahodha wa timu akiukumbatia ule mpira mpya. Tuliuliza nyumba ya kipa, tukapelekwa. Baba yake alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akatuletea maji ya kunywa, akangoja. Mwanangu akasimama, akasema yote, wala hakutaja jua wala msongamano. Alisema tu, “Nilifunga kwa mkono, na mwana wako alisema kweli.”

Yule baba aliinamisha kichwa. Ndipo akatuambia jambo ambalo hatukulijua. Jioni ile ya mechi alikuwa amemchapa mwanawe kwa fimbo, kwa sababu watu walimwambia kwamba kijana wake alimtukana mwalimu na kuzua uongo ili kufunika uzembe wake langoni. Tangu siku ile mtoto hakugusa mpira, na wenzake walimtania kwa jina la mlizi. Akamwita. Mtoto akaja, akasimama mlangoni. Yule baba akasema mbele yetu sote, wageni na wenyeji, “Mwanangu, ulisema kweli, nami sikukusadiki. Nisamehe.” Mtoto hakujibu kitu. Alisogea tu akakaa chini, karibu na mguu wa baba yake.

Hapo nikafahamu tulichokuwa tumechukua. Mbuzi hulipwa kwa mbuzi. Lakini mtoto aliyesema kweli akapigwa kwa ajili yake, tungalimrudishia nini kama tungalichelewa mwaka mmoja, au miaka kumi? Angalikua akiamini kwamba ukweli hauna faida, na mwanangu angalikua akiamini vivyo hivyo, kila mmoja ukingoni kwake, na mto katikati.

Tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na vijana wa nchi yetu Kinshasa katika Uwanja wa Mashahidi, uwanja wa mpira. Aliwaambia watazame mikono yao, akakipa kila kidole fundisho lake: sala, jumuiya, unyofu, msamaha, utumishi. Unyofu alikipa kidole cha kati, kile kirefu kuliko vyote. Mwanangu alilisikia fundisho hilo katika katekesi. Tulipokuwa tukirudi mtumboni, alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto, nami sikumwuliza anawaza nini.

Wanafunzi wapenzi, mwamuzi hawezi kuwa kila mahali. Hatakuwapo mtakapofanya mtihani na mwalimu akatoka nje, wala mtakapokuwa makarani na fedha za watu ziko mezani, wala mtakapokuwa waume na wake. Mtume Paulo, ambaye alipenda mifano ya wakimbiaji na wapiganaji, alimfundisha Timotheo kwamba mshindani hapati taji asiposhindana kwa kufuata sheria. Jizoezeni sasa, katika mambo madogo, kusema “andika nane” pale ambapo wote wameandika saba.

Na ninyi wazazi wenzangu, msidhani kwamba watoto wetu husikiliza maonyo yetu tu. Hututazama usoni filimbi inapopigwa.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, vijana wa Alunguli watavuka kuja kwetu kucheza mechi ya kirafiki. Yule kipa ameahidi kusimama langoni. Mwanangu ameomba asicheze, nasi tumemkubalia. Atakuwa mwokota mipira nyuma ya lango la mwenzake. Nami nitasimama mahali pale pale, karibu na mlingoti. Matokeo nitawaandikia, mazuri au mabaya, pamoja na yote nitakayoyaona.

Kaeni na amani ya Kristu.

Ni mimi,
Baba wa Jamaa